Upepo, Mikoko na Mkaa: Kwa Nini Suluhisho Lisilo la Haki Halishiki

Mwanzoni mwa mwaka 2016 mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua nchini Kenya, ulifutwa kabla haujawasha hata taa moja. Ulitarajiwa kutoa megawati 60 hivi. Fedha zilikuwa zimepatikana, mitambo imechaguliwa, na upepo wa nyanda zile za juu ulikwishapimwa ukaonekana unatosha. Kilichokosekana ni ridhaa ya wakulima wa viazi ambao minara ile ingesimama katikati ya mashamba yao. Walitaka kujua ardhi itabaki ya nani, fidia itapigiwa hesabu vipi, na mitambo ile itawafanya nini wao na mifugo yao. Majibu yalichelewa, mengine yakaja nusunusu, uvumi ukajaza pengo. Maandamano yakazuka, mtu mmoja akapoteza maisha, na wenye mradi wakaishiwa fedha kabla mgogoro haujatulia. Hakuna aliyeambulia kitu: mkulima hakupata kodi ya ardhi yake, mwekezaji alipoteza mtaji, na gridi ya taifa ilikosa umeme ambao usingetoa moshi hata chembe.

Nimeanza na Kinangop kwa sababu inapinga mazoea yetu ya kufikiri. Katika mijadala ya mabadiliko ya tabianchi tumezoea kutenga maswali mawili. La kwanza tunawaachia wahandisi na wachumi: njia gani inapunguza gesijoto nyingi kwa gharama ndogo? La pili tunawaachia wanaharakati na viongozi wa dini: nani anaonewa? Swali la kwanza linahesabiwa kuwa ndilo la kazi, la pili linahesabiwa kuwa la huruma, lisubiri fedha zikibaki. Naona mgawanyo huu ni kosa kubwa. Ukizichunguza hatua zilizofanikiwa na zilizoanguka katika miaka 40 iliyopita, unakuta kwamba mara nyingi sayansi ilikuwa sahihi pande zote mbili. Zilitofautiana katika namna zilivyojibu nani alipe, nani aamue na nani anufaike. Mpango unaomwonea mtu unamfanya awe mpinzani wake, na mpango wa tabianchi unahitaji mamilioni ya watu waufuate kila siku, jikoni, shambani na barabarani, bila askari wa kuwasimamia.

Hoja ya kimaadili yenyewe haina ubishi mkubwa. Afrika ina karibu asilimia 18 ya watu wote duniani, lakini inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa. Asilimia 10 ya watu wenye mali nyingi zaidi duniani husababisha karibu nusu ya uchafuzi huo. Wakati huohuo, kuanzia mwishoni mwa 2020 Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na mwaka 2023 kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilikadiria kuwa joto lililoletwa na binadamu limeongeza uwezekano wa ukame wa namna ile kwa angalau mara 100. Mfugaji aliyefukia ng'ombe wake wote hakuwahi kumiliki gari. Huo ni uonevu, na yeyote mwenye dhamiri anauona. Lakini dhamiri peke yake haijawahi kumsukuma mwenye nguvu mbali sana, na ndiyo maana nitaitetea haki kwa matokeo yake.

Mkataba wa mazingira uliofaulu kuliko yote ni ule wa Montreal wa Septemba 1987, uliolenga kemikali zilizokuwa zikiharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Kemikali hizo, maarufu kwa jina la CFC, zilikuwa ndani ya friji, viyoyozi na makopo ya marashi ya kupuliza. Mwanzoni mkataba ulikuwa na kasoro. Nchi zinazoendelea zilipewa miaka 10 ya ziada, lakini hazikuoneshwa fedha za kununulia teknolojia mbadala zitatoka wapi. China na India, ambako mamilioni ya familia ndiyo kwanza zilianza kuota kuwa na friji, zilikataa kuingia. Bila nchi hizo mbili mkataba usingekuwa na maana, kwa kuwa viwanda vipya vya Asia vingerudisha angani yote yaliyopunguzwa Ulaya na Marekani. Ufumbuzi ulipatikana London mwezi Juni 1990, wakati shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, likiongozwa na Mmisri Mostafa Tolba. Uliundwa mfuko wa kulipia gharama za ziada ambazo nchi zinazoendelea zingezibeba kwa kuacha kemikali hizo. Kamati ya kuusimamia ikapewa wajumbe 14: saba kutoka nchi tajiri, saba kutoka nchi zinazoendelea. China iliingia mwaka 1991, India mwaka 1992.

Matokeo yake yanafaa kusomwa kwa utulivu. Nchi zote duniani zimeuridhia mkataba huo. Takriban asilimia 99 ya kemikali zilizolengwa hazitumiki tena, na mfuko umekwisha kutoa zaidi ya dola bilioni 4. Kwa sababu CFC hunasa joto maelfu ya mara zaidi ya hewa ukaa, mkataba uliobuniwa kwa ajili ya ozoni umeizuilia dunia joto kubwa pia, mara kadhaa ya kile kilicholengwa na Itifaki ya Kyoto, ambayo ilitungwa mahususi kwa ajili ya tabianchi. Mwezi Oktoba 2016 mjini Kigali mataifa yaliongeza kipengele cha kupunguza kemikali nyingine za viyoyozi, HFC, hatua inayoweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwaka 2100. Utaratibu wa zamu ulibaki uleule: nchi tajiri zilianza kupunguza mwaka 2019, nchi nyingi zinazoendelea, zetu zikiwemo, zikasimamisha ongezeko mwaka 2024, na kundi la nchi zenye joto kali, India, Pakistan, Oman na majirani zake wa Ghuba, likapewa hadi 2028.

Hapa ndipo penye jibu kwa wanaouliza kwa nini China, ambayo leo inatoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa ya dunia, iendelee kuhesabiwa pamoja na wanyonge. Swali ni la haki, na Montreal haikulikwepa. Katika mkataba ule hakuna aliyesamehewa. Kila nchi iliandikiwa tarehe, na tarehe ilipofika ilitakiwa kuonesha hesabu zake. Tofauti ilikuwa nani atangulie na nani asaidiwe kulipa. Anayedhani kwamba haki kati ya mataifa ni ruhusa ya kuchafua bila kikomo hajaisoma historia hii, na anayedhani kwamba usawa ni kumbebesha kila mtu mzigo wa kilo zilezile hajaisoma pia.

Sasa tazama fedha za tabianchi. Mwaka 2009 mjini Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kuzipatia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi hizohizo tajiri, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda, na zaidi ya theluthi mbili ya fedha za umma zilizotolewa zilikuwa mikopo. Maana yake ni kwamba nchi iliyobomolewa daraja na mafuriko inakopeshwa ilijenge upya, kisha inalipa riba kwa wale ambao moshi wao uliyakuza mafuriko hayo. Mfuko wa Hasara na Uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 baada ya miongo mitatu ya kuombwa na visiwa vidogo, ulianza na ahadi za dola milioni 700 hivi, fedha ambazo msimu mmoja wa vimbunga unaweza kuzimaliza. Mwaka 2024 mjini Baku lengo jipya likatajwa, dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Hasara ya mwenendo huu haiishii kwenye madaraja. Mipango ya kitaifa ya kupunguza gesijoto katika nchi nyingi za Afrika imeandikwa kwa masharti. Kenya, kwa mfano, iliahidi mwaka 2020 kupunguza asilimia 32 ifikapo 2030, lakini sehemu kubwa ya gharama ikaandikwa kuwa itatoka nje. Fedha zisipokuja, ahadi inabaki kwenye makabati. Kuchelewa kwa haki kumegeuka kuchelewa kwa kazi yenyewe.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi ndani ya nchi moja, hata tajiri. Mwezi Novemba 2018 Wafaransa waliovaa vizibao vya njano walifunga barabara kupinga nyongeza ya kodi ya mafuta ya magari iliyopangwa kuanza Januari. Wengi wao waliishi vijijini na miji midogo, mahali ambapo bila gari mtu hafiki kazini. Mwaka uleule serikali ilikuwa imeondoa sehemu kubwa ya kodi ya utajiri. Mwananchi akaona tajiri amepunguziwa na yeye ameongezewa, na mwezi Desemba serikali ikaifuta nyongeza ile. Kiwango cha kodi ya kaboni kikagandishwa. Wachumi walikuwa na hoja nzuri: mafuta yakipanda bei, watu huyatumia kwa uangalifu. Ila hesabu yao haikuwa na mstari wa mtu asiye na basi. Kanada ilijaribu njia bora zaidi. Jimbo la British Columbia lilianza kodi ya kaboni mwaka 2008 kwa dola 10 za huko kwa tani, likarudisha mapato kwa kupunguza kodi nyingine na kuwapa ruzuku wenye kipato kidogo, na kodi ikadumu zaidi ya miaka 15. Serikali ya shirikisho ilipoiga mwaka 2019, ilirudisha sehemu kubwa ya fedha moja kwa moja kwa familia, na nyingi kati ya hizo zilipata zaidi ya zilichotozwa. Bado kodi hiyo kwa watumiaji wa kawaida ilifutwa Aprili 2025, kwa sababu wananchi waliiona kila walipojaza mafuta, ilhali fedha zilizorudi ziliingia benki kimyakimya na wengi hawakujua ni za nini. Huu ni ushahidi unaonipa shida kidogo, na siufichi: haki iliyoandikwa kwenye vitabu vya hazina haitoshi. Anayelipwa sharti aione na aitambue.

Pingamizi zito kuliko yote ni la muda. Dunia imekwisha kupata joto la zaidi ya nyuzi 1 tangu enzi za kabla ya viwanda, na kila mwaka unaopotea unaongeza madhara. Je, tukae vikao na kila kijiji huku bahari inapanda? Hofu hiyo naielewa na naishiriki. Lakini mwangalie anayeruka kikao anafika lini. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya wafugaji katika kaunti ya Marsabit. Minara ilisimama, umeme ukaingia kwenye gridi mwaka 2018, na leo ni sehemu muhimu ya umeme wa Kenya, jambo ninalolifurahia. Lakini Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana bila kufuata taratibu za kisheria, na shauri likaendelea kuvutana kwa miaka. Kila benki itakayoombwa kukopesha mradi mwingine wa upepo kaskazini mwa Kenya itaisoma hukumu ile kabla haijatia saini, na itaongeza riba kwa ajili ya hatari hiyo. Vikao vilivyoonekana kupoteza muda vingekuwa nafuu. Kinangop, ambako havikukamilika kabisa, haina hata mtambo mmoja wa kubishania.

Biashara ya kaboni inalionesha jambo hili kwa uwazi zaidi, kwa kuwa hapo bidhaa inayouzwa ni tabia ya watu. Kampuni ya ng'ambo inalipa ili msitu usikatwe au malisho yatumike kwa zamu, kisha inajihesabia kuwa imefidia sehemu ya uchafuzi wake. Mimi si mshabiki wa biashara hii. Tani inayobaki msituni haipaswi kuwa kibali cha kuchoma tani nyingine kiwandani, na kampuni nyingi zimeitumia hivyo. Hata hivyo, maadamu ipo, tofauti kati ya miradi inafundisha. Kaskazini mwa Kenya, katika eneo la hekta milioni 1.9, ulianzishwa mradi wa kuhifadhi kaboni kwenye udongo kwa kubadili namna ya kuchunga, na hati zake za kaboni zikanunuliwa na kampuni kubwa za Marekani, Meta na Netflix zikiwemo. Wafugaji wa Kiborana, Kisamburu na Kirendille wana taratibu zao za kuhamahama zilizopimwa na vizazi vya ukame, na wengi wao walilalamika kwamba hawakuelezwa vya kutosha wanaingia katika nini. Shirika la kimataifa linalosajili hati hizo likausimamisha mradi kwa ukaguzi. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo ikiwa ndani ya mradi huo, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mnunuzi aliyedhani amenunua tani za kaboni akajikuta na karatasi yenye mgogoro.

Pwani ya Kenya, kwenye ghuba ya Gazi huko Kwale, mambo yalianza kwa udogo. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013, unahusu hekta 117 tu za mikoko inayolindwa na kupandwa na wanavijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari. Unauza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha si nyingi, lakini matumizi yake yanaamuliwa na wanakijiji mkutanoni, na yameonekana kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule, vitu ambavyo kila mama wa Gazi anaweza kuvigusa. Anayeingia mikokoni na shoka anajua kwamba anamkatia jirani yake maji. Mfano huo ukaigwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, kwa eneo kubwa zaidi. Upande wa Tanzania, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata kwanza hati ya kimila ya ardhi yao ya pamoja mwaka 2011, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ndipo wakaanza kuuza kaboni ya msitu wanaoutegemea kwa asali, mizizi na nyama. Mpangilio huo ndio ulioamua kila kitu. Aliye na hati anazungumza na mnunuzi kama mwenye mali. Asiye na hati anazungumziwa.

Kuna watakaosema kwamba fedha zikifika kwetu zitaliwa na wakubwa, kwa hiyo madai ya haki kutoka nchi tajiri ni kuwajazia mifuko watu wachache. Hoja hii inatumiwa na wasiotaka kulipa, lakini haiwi ya uongo kwa sababu hiyo. Tumeona miradi ambayo semina, magari na posho vilikula bajeti kabla mche wa kwanza haujapandwa. Ila hoja hii, ikifuatwa mpaka mwisho, inadai haki zaidi. Inadai kwamba swali tunalowauliza matajiri wa dunia, nani analipa na nani anaamua, tuwaulize pia viongozi wetu wa wizara na halmashauri. Kenya imepiga hatua hapo: sheria ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na iingie makubaliano ya maendeleo na jamii hiyo. Asilimia hiyo itakuwa na maana pale mwanakijiji atakapoweza kuiona hesabu yenyewe, yaani tani ngapi ziliuzwa, kwa nani, kwa bei gani, na gharama zipi zilikatwa. Bei ya kuuzia ikifichwa, asilimia 40 ni hesabu ya kitu kisichojulikana.

Mahali ambapo haya yote yanakutana na maisha ya watu wengi zaidi Afrika Mashariki ni jikoni. Tanzania, zaidi ya kaya nane kati ya kumi hupika kwa kuni au mkaa. Nchi inapoteza karibu hekta 469,000 za misitu kila mwaka, kwa kilimo zaidi na kwa nishati pia. Moshi wa majumbani uliua takriban watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto. Dawa ya kwanza ambayo serikali huifikiria ni marufuku. Tanzania ilipiga marufuku biashara ya mkaa mwaka 2006. Bei ikapaa, mkaa ukauzwa kwa kificho, na baada ya wiki chache serikali ikalegeza kamba kwa sababu miji haikuwa na kitu kingine cha kupikia. Kenya ilisitisha ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018. Mkaa uliendelea kuvuka mpaka kutoka kaskazini mwa Uganda, hadi Mei 2023 Rais Museveni naye alipopiga marufuku mkaa wa biashara katika eneo hilo. Marufuku ililihamisha tu shoka. Haikujibu mama wa Tandika au Kibera ataivisha nini maharage jioni ile.

Gesi ya mitungi ingeweza kumjibu, na kwa sehemu imeanza. Tatizo ni jinsi fedha zinavyoingia kwenye nyumba maskini. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, wa leo tu, na mtungi wa kilo 6 unadai fedha za wiki kadhaa kwa mkupuo. Kwa hiyo maskini anaendelea na mkaa, hata pale ambapo kwa mwezi mzima unamgharimu zaidi. Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021. Pamoja na kupanda kwa bei ya dunia baada ya vita vya Ukraine kuzuka, matumizi ya gesi yalishuka mwaka 2022 na kaya nyingi zikarudi kwenye mkaa na mafuta ya taa. Kodi ikapunguzwa kuwa asilimia 8 mwaka huohuo, na mwaka 2023 ikaondolewa. India iligawa karibu mitungi milioni 100 kwa wanawake wa kaya maskini kuanzia mwaka 2016, ikagundua kwamba wengi walijaza mara chache sana kwa mwaka, na mwaka 2022 ikalazimika kuongeza ruzuku kwenye kujaza kwenyewe. Tanzania sasa inasambaza mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Ni jambo jema, lakini uzoefu wa India unatuambia kwamba siku ya mtihani ni siku gesi inapoisha. Njia ipo: mita ndogo inayofungwa kwenye mtungi, mtu akalipia kwa simu gesi ya shilingi mia tano, kama anavyonunua mkaa wa kopo. Imekwishatumika Dar es Salaam na Nairobi. Ruzuku ikielekezwa huko, itamfikia aliyelengwa.

Wapo wanamazingira wanaokataa gesi kwa kuwa nayo ni zao la petroli. Ni kweli, na isiwe mwisho wa safari. Umeme wa Tanzania na Kenya unatoka zaidi kwenye maji, mvuke, upepo na gesi asilia, na jiko la presha la umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Huko ndiko tuelekee. Lakini sioni haki ya mtu anayepika kwa gesi London au Berlin kumwambia mwanamke wa Singida aendelee kuvuta moshi hadi umeme umfikie. Hata kwa hesabu ya tabianchi peke yake, mkaa unaotokana na miti isiyoota tena, pamoja na masizi yake, una madhara makubwa kuliko kilo chache za gesi.

Na mkaa wenyewe hautaondoka kesho, kwa hiyo ni vema kuangalia namna ya kuuzalisha bila kuumaliza msitu. Vijiji vya Kilosa, na baadaye Mvomero, mkoani Morogoro, viliifanyia majaribio namna hiyo kuanzia mwaka 2012. Kijiji kiligawa sehemu ya msitu wake katika vitalu vya mita 50 kwa 50, kikavuna baadhi na kuacha vingine kama ubao wa drafti, kila kitalu kikisubiri miaka 24 kabla ya kuvunwa tena, ili visiki vya miombo vichipue na kukua. Ushuru wa kila gunia ulikwenda kwenye mfuko wa kijiji, ukajenga madarasa na zahanati. Wachoma mkaa waliokuwa wakijificha wakawa wazalishaji wenye vibali, na kijiji kikawa na sababu ya kuulinda msitu dhidi ya wakulima wavamizi, kwa kuwa msitu ulikuwa na kipato.

Nchi nyingine zimekwisha kuonesha jinsi ya kumtendea mtu ambaye kazi yake inafutwa kwa ajili ya tabianchi. Ujerumani ilipoamua kuachana na makaa ya mawe, ilikalisha meza moja vyama vya wafanyakazi, kampuni, wanamazingira na serikali za majimbo, na sheria ya mwaka 2020 ikaweka ukomo wa 2038 na kutenga hadi euro bilioni 40 kwa mikoa ya migodi. Wafanyakazi wa migodi na mitambo ya lignaiti, aina ya makaa hayo, walikuwa kama 20,000. Biashara ya mkaa Tanzania ilikadiriwa na Benki ya Dunia mwaka 2009 kuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, ikilisha mamia ya maelfu ya watu: wachomaji, wabebaji kwa baiskeli, madereva wa malori, na akina mama wanaopima makopo vibarazani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Ukifaulu, watu hao watapoteza sehemu kubwa ya soko lao ifikapo mwaka huo. Kwa hiyo kila kikao cha utekelezaji wake, kuanzia wizara hadi halmashauri za Kilosa, Handeni na Kisarawe, kinapaswa kuwa na ajenda ya wachoma mkaa wenyewe wakiwa wamekaa ukumbini: vibali vya mkaa wa vitalu kwa kipindi cha mpito, mikopo ya kuwa mawakala wa mitungi, ajira za kupanda na kulinda misitu, na tarehe ya kuanza kwa kila kimoja.